Chumba cha Nice Hakiuzwi

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto kama Nice wangu, kabla hujashika kalamu ya mtu, nisikilize.

Nice ana miaka kumi na tisa, lakini akili yake ni ya mtoto wa miaka sita. Marehemu baba yake alituachia nyumba ya vyumba sita hapa Igogo, na hati ina jina langu. Presha iliponilaza wiki nzima nikawaza: nikifa, mwanangu atatupwa wapi? Nikasikia kwamba nyumba inaweza kuwekwa chini ya wadhamini, yaani watu wa kumtunzia mtoto mali yake kisheria. Nikamweleza shemeji yangu Mutayoba, mdogo wa marehemu. Kesho yake akaja na mtu wa suti, Alexander, eti wakili.

Kosa langu nalikiri. Sisi Wahaya, mtu akimwaga Kiingereza tunaona huyo kasoma, basi yamekwisha. Alexander alisoma kurasa nne za Kiingereza, na mimi wa darasa la saba natikisa kichwa tu kama naelewa. Nikaomba kalamu.

Mpangaji wangu Mhoja, Msukuma muuza dagaa, alikuwa anafua uani. Akacheka.

"Wahaya nyie! Mkisikia Kiingereza mnasaini hata kaburi. Mama Nice, muulize leseni. Hata bodaboda anayo."

Nikauliza. Alexander akakohoa. "Nimeiacha ofisini, mama."

"Basi na kalamu yako irudishe mfukoni," nikamwambia. Karatasi nikabaki nayo.

Mhoja akanipeleka Buzuruga kwa Wakili Wilhelmina. Sijaketi vizuri, ananionyesha cheti chake, ananiambia tulitafute jina lake kwenye orodha ya mawakili kwa simu ya Mhoja. Lilikuwepo. La Alexander halikuwepo. Akanisomea ile karatasi kwa Kiswahili: mdhamini ni Mutayoba peke yake, na anaruhusiwa kuuza. Kisha akaniuliza:

"Mama, Nice akiamka anataka nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikasema chai ya maziwa, na kukaa dirishani chumbani kwake aone ziwa. Akaandika yote. Wadhamini wakawa watatu: Mhoja, dada yangu Kemilembe, na Rebeka wa jumuiya yetu ya kanisani. Nice akiwa hai, nyumba haiuzwi, na chumba chake cha dirisha la ziwa hakiguswi na mtu.

Siku ya kusaini, wakili aliisoma hati uani kwa sauti. Mutayoba akaruka:

"Shemeji, Msukuma kwenye mali ya ukoo?"

"Msukuma ndiye aliyeuliza leseni. Wewe uliuliza nini?"

Wapangaji wakapiga vigelegele. Nikasaini.

"Hebu nikione hicho chumba!" Mutayoba akasukuma mlango. Nice alikuwa dirishani na kikombe chake, kumbe amesikia kila neno.

"Baba mdogo, toka. Piga hodi. Chumba cha Nice."

Mutayoba akatoka, akapiga hodi.

Nice akamaliza chai yake yote, ndipo akasema karibu.