Kuku Kitakoni mwa Chupa

Shemeji mtu ndiye aliyembandika jina la Kuku, tena mezani, mbele za watu, mdomo umejaa. "Huyu mdogo wake mke wangu ni kuku hasa. Kutwa kuchakura majalalani!" Watu wakacheka. Kuku naye akacheka, maana utani wa mashemeji hauna kesi, lakini neno lile alilitia kibindoni.

Kazi yake ilikuwa kununua chupa kuukuu za plastiki, kuzibandua lebo, kuziosha kwa maji ya moto, kuzisaga na kuziyeyusha hadi zikawa chembechembe safi kama mchele uliopetwa. Maabara ilizipima ikasema zinafaa kabisa kwa chupa za vinywaji. Wenye viwanda vya vinywaji ndio waliozikataa. Mteja wake pekee, mtengeneza kamba, alikuwa amefunga duka, na asipopatikana mwingine haraka, Kuku angezima mtambo na kuwaambia kina mama wa karakana warudi nyumbani. Hilo lilimuuma kuliko jina la kuku.

Shemeji alikuwa na kiwanda cha juisi na uenyekiti wa watengeneza vinywaji wote wa mji. Akikohoa, wenzake wanapiga chafya. Tena alikuwa na tabia moja: hanywi kitu mpaka ameinua chupa kwenye mwanga, ameifinya kiuno na kuinusa shingo, hata kama wageni wanamngoja waanze kula.

"Shemeji, mteja wangu hawezi kunywea chupa iliyokwishanywewa na mtu mwingine," mwenyekiti alimwambia Kuku.

"Kwani nyumbani kwako mkishakula mnatupa sahani?"

"Sahani ni sahani."

"Na vijiko je?"

"Kuku, nenda kachakure huko!"

Basi Kuku akaenda kuchakura. Alimfuata fundi wa kupuliza chupa, akampa chembechembe zake na kumwomba achonge kikuku, yaani picha ndogo ya kuku ambayo asiyeitafuta haioni, kwenye kitako cha kalibu inayozipa chupa umbo. Kisha akamfuata dada yake. Dada, aliyechoka siku nyingi kuona chupa zikinuswa mezani kwake, alikubali hata kabla hajamaliza kuombwa. Kuanzia hapo akawa anaihamisha juisi ya mumewe, pamoja na lebo, kwenye chupa za Kuku.

Bwana akainua, akafinya, akanusa. "Aa! Plastiki mpya haijifichi." Dada alikimbilia jikoni kwenda kucheka.

Walipanga kumwambia nyumbani, taratibu, akiwa ameshiba. Lakini mkutano wa watengeneza vinywaji ukawahi, na Kuku akaitwa kutoa hoja yake.

"Chupa zenu ndizo zinazoziba mitaro yetu," alisema. "Ninachoomba ni mzichukue tena. Kuosha nitaosha mimi."

Shemeji akasimama kumjibu. Akafungua mkoba, akatoa chupa aliyoondoka nayo mezani kwake asubuhi ile. Kuku alijua dada ndiye aliyeijaza.

"Ndugu zangu, hii ndiyo chupa! Mpya, haijawahi kuguswa na mdomo wa mtu. Ishikeni wenyewe, muone tofauti."

Chupa ikazunguka ukumbini mkono kwa mkono. Mwenye soda akaiinua kwenye mwanga, mwenye maji akaifinya kiuno, mwenye maziwa ya mtindi akafumba macho na kuinusa. Wote wakasifu. Mwisho ikamfikia Kuku.

Ulimi ulimwasha. Angeweza kupaza sauti, na ukumbi mzima ungeanguka kwa kicheko. Lakini aibu ya shemeji ni aibu ya dada, na mtu uliyemvua nguo hadharani hanunui kitu kwako. Akakaza kifuniko, akaenda mpaka meza kuu, akaisimamisha chupa mbele ya shemeji kichwa chini, kitako juu, akarudi kuketi.

Shemeji akakitazama kile kitako. Kikuku nacho kikamtazama. Jasho likamtoka, akameza mate, akamtupia Kuku jicho kali. Kisha akakohoa.

"Kama nilivyokuwa nasema," akaanza, "mmeishika, mmeinusa, mmeisifu. Basi imetengenezwa kwa chupa kuukuu! Nilitaka kuwapima." Ukumbi ukapiga makofi. Mwenye soda akainuka mbio kuelekea kwa Kuku. "Kaa chini wewe!" shemeji akamkemea. "Wa kwanza ni mimi. Huyu ni shemeji yangu!"

Mchana ule walikula pamoja nyumbani. Shemeji hakugusa chakula. Alikuwa akigeuzageuza vitu vya mezani akivichungulia chini: bilauri, bakuli, hata kibakuli cha chumvi.

"Mke wangu, niambie ukweli," alisema. "Ni kitu gani kingine humu ndani ambacho si kipya?"

Dada akamtazama tangu upara mpaka kitambi.

"Ni wewe," akasema. "Na mbona sijakutupa?"