Wageni wa Miezi ya Mvua

Miezi ya mvua wageni hukatika kama maji ya bomba: jana yalikuwapo, leo unafungua unasikia upepo tu. Fundi alilijua hilo tangu enzi za mkewe, walipoanza kukodisha vyumba, ila zamani hizo mvua ilikuwa likizo yao wawili. Walifunga geti wakakaa barazani kama wageni wa nyumba yao wenyewe, mke akimwagiza mume chai, mume akimuuliza mke kama amelala vizuri na angependa kukaa siku ngapi.

Sasa mke alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya saruji ambayo Fundi aliichanganya kwa mikono yake.

"Baba, nakuambia kwa mara ya mwisho," binti yake alisema, macho kwenye simu. "Nyumba ikikaa tupu mpaka mvua hii iishe, tunaiuza. Nimeshaongea na kaka. Utakuja kukaa kwangu."

"Kwako wapi? Kwenye lile kochi linalonimeza?"

"Tutanunua jingine."

"Na mama yako tutamlaza kochi lipi?"

Binti aliinua simu. Alikuwa akipiga picha za nyumba, amesimama upande ambao kaburi halionekani. Kisha akaandika tangazo la mtandaoni, akamsomea, maana Fundi na herufi hawakuwahi kupatana. *Nyumba tulivu kando ya mto. Bei ya msimu wa mvua. Barabara nzuri mwaka mzima.*

"Hapo mwisho umesema nini?"

"Baba, kila mtu anaandika hivyo."

"Ndivyo alivyosema yule mheshimiwa aliyekata utepe wa kivuko."

"Ulitaka niandikeje? Karibuni mzame?"

Fundi akamwacha alitume.

Daraja lilichukuliwa na maji miaka mitatu nyuma. Wakubwa walikuja na magari manne, wakapigwa picha, wakamwaga mawe na zege mtoni magari yapite juu yake, wakakiita kivuko cha muda, wakakata utepe. Fundi, mwashi kwa miaka arobaini, aliliangalia zege lile akajua limechanganywa na watu wenye haraka ya kurudi mjini. Mvua zilizofuata, asubuhi moja, mkewe akabanwa na pumu, na mto umejaa. Gari la wagonjwa lilifika. Lilisimama ng'ambo, taa zinazunguka, dereva anapunga mikono yote miwili. Walitazamana hivyo, Fundi na dereva, mpaka pumzi ya mwanamke ikakatika. Tangu siku hiyo mtu wa ofisi akimsalimia Fundi, Fundi humtazama viatu kwanza, aone kama vimewahi kulowa.

Wiki mbili simu ilikaa kimya. Ya tatu binti akapiga, sauti iko juu.

"Siku kumi, Baba! Mwalimu na mama yake. Hawa wakitupa nyota tano, wengine watafuata. Kazi yako ni kutabasamu tu."

"Nitabasamu kwa meno yapi?"

"Hayo hayo mawili."

Walifika adhuhuri, maji ya kivukoni yakiwa hayajafika katikati ya gurudumu. Mwalimu alikuwa mpole, mwenye miwani. Mama yake, kabibi kadogo, alisukuma mlango wa sebuleni kwa bega.

"Milango mizito hivi! Nyumba hii ilijengwa na mwanamume mwenye wivu."

"Niliijenga mimi, mama."

"Basi mkeo alipata taabu."

"Alipata, lakini si ya milango."

Kabibi akacheka, na kicheko kikaishia kwenye filimbi nyembamba kifuani. Fundi aliweka chini birika alilolishika. Filimbi ile aliijua; aliwahi kulala nayo kitanda kimoja miaka thelathini.

"Kifua hicho, mama, kina muda gani?"

"Tumezeeka pamoja." Akatoa dawa yake ya kuvuta, akaitikisa. "Daktari kasema nitafute hewa safi."

Asubuhi Fundi alishuka mtoni. Alikuwa amepaka mstari mweupe kwenye nguzo ya daraja iliyobaki: maji yakiufikia, gari halipiti. Yalikuwa yamebakiza shibiri moja, na huko yanakotoka mawingu yalikuwa meusi kama sufuria la msibani.

Alisimama pale. Akinyamaza, siku kumi, nyota tano, nyumba inabaki. Mara ngapi amejiuliza wale wakubwa wanapataje usingizi? Na yeye, wiki tatu tangu tangazo litoke, alikuwa amelala vizuri tu.

Akarudi mbio, akaanza kubeba mabegi kuyapeleka garini.

"Mzee, kulikoni?" Mwalimu alitoka na mswaki mkononi.

"Ondokeni. Mto unapanda, baadaye hamtoki."

"Tangazo linasema barabara nzuri mwaka mzima."

"Tangazo ni uongo."

"Uongo wa nani?"

"Wangu. Mke wangu alifia pale ukingoni, kwa ugonjwa kama wa mama."

Mwalimu akavua miwani. "Mlijua," akasema taratibu. "Mlijua, na mkatuleta?"

Swali hilo Fundi alilifahamu. Alikuwa amelipigia kelele yeye mwenyewe, kwenye dirisha la ofisi ya wale wakubwa, mpaka askari wakamtoa kwa kumbeba. Fundi akainua begi lililobaki, akalipeleka garini.

Kabibi alipita mbele yake ameshikiliwa na mwanawe, hakumtazama. Gari lilivuka maji yakilamba milango. Kabla ya adhuhuri mstari ulikuwa umezama.

Kesho yake binti alipiga simu, akamsomea alichoandika Mwalimu mtandaoni. Nyota moja. *Walijua, wakanyamaza.*

"Umetumaliza, Baba."

"Amekosea wapi?"

Binti akakata simu.

Hakuna mwingine aliyeweka nafasi. Mvua ilipopungua, binti alikuja na dalali na mnunuzi aliyevaa suti. Mnunuzi akazunguka nyumba akigonga kuta, akauliza saruji ile ya nyuma ni ya nini. Binti akamweleza kwa sauti ya chini.

"Inahamishika," alisema mnunuzi.

Fundi akamshika mkono, akamshusha mpaka kwenye nguzo, akamwonyesha mstari.

"Maji yakifika hapa, hutoki. Usije ukasema hukuambiwa."

Mnunuzi akatabasamu, kama mtu aliyeonyeshwa mtaa alikozaliwa.

"Mzee wangu, daraja linaanza mwezi ujao. Unadhani nanunua sasa kwa nini? Karatasi zake ziko mezani kwangu ofisini tangu mwaka juzi, zilikuwa zinangoja sahihi tu."

Mwaka juzi. Mwaka ule ule Fundi alipomzika mkewe. Akainamisha kichwa, akamtazama viatu.

Vilikuwa vikavu.