Mlango Nyuma ya Runinga

Kinyozi alikuwa amejilaza kwenye kochi na fulana yake ya bluu, anapanga timu. Timu yenyewe ilikuwa ya kwenye simu: unachagua wachezaji wa kweli, wakifunga, wewe unapata pointi. Wachezaji hawakumjua, lakini yeye aliwajua mpaka misuli ya paja. Mmoja wao akiumia, chakula hakimshuki.

"Baba Kibonge, mtoto amesimama mwenyewe. Hebu mwone," mkewe alisema.

"Nakuja. Ngoja nimtoe huyu beki."

Kibonge akachoka kusimama, akakaa chini.

Jioni kukawa na vichekesho kwenye runinga. Mchekeshaji alikuwa amejilaza kwenye kochi kama lao, na fulana ya bluu. Mwanamke akamwambia mtoto amesimama. "Nakuja. Ngoja nimtoe huyu beki," akajibu, na watazamaji wakavunjika mbavu. Kinyozi naye alicheka mpaka machozi.

"Kuna watu wana vituko, jamani," akasema, akarudi kwenye simu.

Mkewe hakucheka. Alitaka kujua wamejuaje. Mama huyu ndivyo alivyo, jambo likimkaa kichwani halitoki mpaka alione. Akambeba Kibonge, akachungulia nyuma ya runinga. Kulikuwa na vumbi, waya, na mlango mdogo ulioachwa wazi nusu. Akainama, akaingia.

Huko ndani walimpokea vizuri. Mpiga picha alimwonyesha pa kusimama, naye akamtua mtoto. Kibonge akayumba, akainua mguu. Mchekeshaji akaitupa simu, akapiga magoti, akafungua mikono.

"Njoo mama, njoo," akamwita mtoto.

Kibonge akamwendea kwa miguu yake mwenyewe. Watazamaji hawakucheka, na mmoja alisikika akipenga kamasi. Mama mtu alifurahi, na roho ikamuuma vilevile, maana hatua zile hazikuwa za mwanamume huyu.

Kwenye kochi, kinyozi alikunja uso.

"Sasa hapo wameharibu. Shabiki gani wa kweli anatupa simu?"

Lakini mtoto alimpendeza. Alimtazama mpaka alipofika mikononi mwa yule bwana, kisha akageukia jikoni, akaita kwa upole.

"Mama Kibonge, njoo umwone mtoto wa watu anavyotembea. Huyu wetu ataanza lini?"

Alipoona hajibiwi, akarudi kwenye simu kubadilisha nahodha.