Mshenga wa Gari la Umeme

Mtu haendi kukodi gari na mshenga, lakini Honorata alienda naye, na wala msimcheke. Tangu atoke Bukoba hakuwahi kununua wala kukodi gari. Hayo yalikuwa mambo ya mumewe, Method, na Method alifariki Februari, huko huko Marekani, katika mji wao wa Woodbridge. Mwili ulisafirishwa ukazikwe nyumbani. Honorata hakuusindikiza, maana wakili alimwonya kwamba akitoka Marekani kabla karatasi zake hazijakamilika, ndiyo basi, harudi. Kwa hiyo hakumzika mumewe. Akaendelea na kazi yake ya kuwavisha soksi wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, na moyoni mwake Method hajafa.

Na gari nalo likamsaidia kutoamini. Kila asubuhi akiwasha ile Corolla kuukuu ya Method, mtu alikohoa kwenye kiti cha abiria. Mara moja tu, kikohozi kikavu, cha Method kabisa. Siku ya kwanza alitoka mbio akaacha na kiatu. Baadaye akazoea, jamani, binadamu tunazoea hata yasiyozoeleka. Akawa anasema, "Pole, baba Audrey," kisha anaondoa gari. Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Wangemwombea mpaka akome.

Kiangazi hicho cha 2008 petroli ilipanda bei hadi watu wakawa wanapita kituoni wamegeuza uso. Binti yake, Audrey, akamshikia bango: "Mama, just lease a hybrid!" Yaani gari la nusu petroli nusu umeme, unalikodi miaka mitatu kisha unawarudishia wenyewe. Honorata akakubali. Alijua jipya likija, la zamani litaondoka, na kikohozi nacho kitaondoka. Alitaka na hakutaka. Mzimu ulimtisha, lakini kubaki peke yake kulimtisha zaidi.

Duka la kwanza, kule Herndon, walimwona mgeni wa mambo wakamchanganya kwa maneno mpaka akatoka kichwa kinamuuma. Ndipo akamwendea Mzee Cosmas, aliyekuwa mshenga wa ndoa yake, na ndiye aliyeusindikiza mwili wa Method.

"Mwanangu, kazi hii naijua," mzee alisema. "Sharti langu moja. Bibi harusi hasemi. Ukifungua mdomo tu, bei inapanda."

Wakaenda duka la Woodbridge. Mzee kavaa suti, na joto lote lile! Muuzaji, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Ethan, akawapa viti. Mzee akaanza kwa Kiingereza chake cha kanisani: "Tumetoka mbali. Tumesikia bustanini mwenu kuna ua."

Ethan akawaelekeza duka la maua, ng'ambo ya barabara.

Lakini hatimaye walielewana. Mzee akitaja malipo ya mwezi, Ethan anaingia ndani kumwuliza meneja, anarudi na jibu, anaingia tena. Mzee akafurahi, akamnong'oneza Honorata, "Umeona? Naye ana wazee wake ndani." Wakavutana hivyo, huyu anashuka kidogo, yule anapanda kidogo, na Honorata kimya, mikono mapajani. Kila Ethan akimtupia jicho mama huyu asiyesema, alizidi kulegea.

Mwishowe Ethan akatoka anatabasamu. Wakubwa wamekubali, ila wapewe na ile Corolla iliyo nje.

"Ni yenu!" Mzee akajibu papo hapo. "Huyo ni mbuzi wa mwisho, hatunyimani."

Honorata akamvuta koti. Mzee akamkata jicho. Ethan akazitwaa funguo zilizokuwa mezani, akampa fundi akalikague gari. Honorata aliumia. Alikuja kuliacha gari, sawa, lakini si kwa kulitupa kama nyongeza ya nyanya. Masikini mama wa watu, sharti ni sharti.

Fundi hakukawia. "Injini nzima," alimwambia Ethan. Kisha akamgeukia Honorata kwa adabu. "Mama, nataka kulipeleka kule nyuma. Mwambie mumeo ashuke. Nimemsemesha, anakohoa tu."

Yesu na Maria! Mzee Cosmas, aliyemwaga udongo juu ya jeneza la Method kwa mkono wake mwenyewe, alifungua mdomo na neno halikutoka. Mshenga mzima kaishiwa! Akamtazama Honorata kwa macho ya kumwomba aseme yeye.

Honorata akainuka, akatoka nje kwenye jua kali, akafungua mlango wa abiria. Hakuona mtu. Lakini kiti kilikuwa kimebonyea. Alitamani kuingia, awashe gari, wakimbie wawili mpaka petroli iwaishie.

"Baba Audrey," alisema. "Sikuja kukuzika. Nisamehe, mume wangu, walinizuia. Mzee anasema walikulaza karibu na mama yako, na watu walijaa. Nenda ukapumzike. Mimi na mtoto tutaishi. Tumefika hapa, shuka."

Akangoja. Kitu kikamshika bega, taratibu, kama mgonjwa anayejishikilia asianguke. Kisha kikamwachia. Kiti kikainuka, kikarudi kuwa sawa.

Fundi akauliza kwa mbali kama mumewe ameshuka.

"Ameshuka," Honorata alijibu, akaketi palepale juu ya lami, akamlilia mumewe kwa mara ya kwanza.