Mstari wa Sindano ya Kichocho

Pamba safi kulia, fifi kushoto. Mikono ya Ng'washi ilikuwa imezoea kazi hiyo hata hakuhitaji kuiangalia: nyeupe aliitupa kwenye turubai moja, na ile chafu ya manjano, ambayo wakulima huiita fifi, akaitupa kwenye turubai la pili. Vumbi la pamba lilimjaa kwenye nyusi, akaonekana bibi kizee ilhali ndoa yake haijatimiza hata miaka miwili. Nje ya banda mashine za kiwanda zilinguruma, na upepo wa ziwa ulipovuma wanawake wote walikohoa kwa pamoja, kisha wakaendelea kuchambua.

"Dresa kafika," alisema Mwanvua, jirani yake wa miaka mingi pale turubaini. "Nimeona anawasha jiko la kuchemshia sindano."

Ng'washi alitupa fifi kwenye turubai la pamba safi. Mwanvua peke yake ndiye aliyejua kwamba ana mimba.

Kila msimu wa pamba ulipoanza, wenye kiwanda walimleta dresa, mhudumu wa zahanati, awachome wafanyakazi wote dawa ya kichocho. Watu wa ufukweni waliogea ziwani, walifulia ziwani, na wengi walikojoa damu. Si kwamba dawa ilikuwa mbaya, ila ilikuwa kali. Mtu mzima na misuli yake aliinama akakohoa na kutapika palepale. Asiyechomwa hakuwa na kazi. Hiyo ndiyo amri iliyotoka ofisini. Jumbe, nyapara wao, aliongeza na yake ya kichwani: mwenye mimba naye hana kazi.

Msimu uliopita Ng'washi alichomwa akiwa na mimba changa, na haikumaliza wiki. Nesi aliyemhudumia alishangaa. "Dawa ile hachomwi mwenye mimba. Kwani hamkuulizwa?"

Waliulizwa. Hapo ndipo palipomuuma mpaka leo. Waliulizwa hadharani, wanaume wakiwa wamejipanga mstari wao kando, na katika mstari huo alikuwemo Mzee Masalu, fundi wa kushindilia marobota, baba mzazi wa Kija, mume wa Ng'washi. Nyumbani kwao mke wa mwana na mkwewe hawatazamani hata wakati wa kula. Kutamka neno mimba mbele yake kulikuwa sawa na kuvua nguo. Basi Ng'washi alinyamaza akatoa mkono.

"Sasa leo?" Mwanvua alimnong'oneza.

"Sijui, dada."

"Jisingizie homa, uende zako."

"Niende wapi? Kesho Jumbe ataweka mtu mwingine hapa. Kija tangu aende mgodini Geita hajaleta hata salamu. Unga umepanda, sukari imepanda. Nikikosa kazi hii nitakula nini na kiumbe changu?"

Kengele iligongwa. Walipanga mistari miwili uani, wanawake upande wa banda, wanaume upande wa ziwa. Dresa Msafiri, kaptula yake imenyooka kwa pasi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

"Mwenye mimba atoke mstarini!" alitangaza. "Dawa hii si yake. Yupo?"

"Yupo anayetaka kurudi nyumbani?" Jumbe alidakia, fimbo kwapani.

Wanawake walitazama vidole vya miguu yao. Dresa akaridhika, akaanza kuchoma. Mstari ulisogea. Mwanamke wa mbele alichomwa, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akaenda kuegemea ukuta. Ikawa zamu ya Ng'washi. Dresa alimfunga mpira mkononi, akapapasa mshipa. Ng'washi alimwona yule mtoto ambaye hakumpa hata siku moja ya kuishi. Akauchomoa mkono.

"Mimi ninayo."

"Una nini?"

"Mimba."

Vichwa uani kote viligeuka kumtazama. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Basi chukua kanga yako," Jumbe alisema. "Njia unaijua."

Ndipo Mzee Masalu alipowapa mgongo, akaelekeza uso ziwani. Ng'washi alipomwona moyo ulimvunjika. Alijua amekwisha kataliwa.

"Wanaume, geukeni," mzee alisema bila kutazama nyuma. "Hapa wanasemeshwa wake za wana wetu."

Wazee waligeuka kwanza, vijana wakafuata, mpaka mstari mzima wa wanaume ukawa migongo mitupu.

"Na mimi," alisema msichana mmoja aliyeolewa baada ya mavuno.

"Hata mimi," mwingine akajitokeza.

"Wote watatu nyumbani!" Jumbe alifoka. "Na nyinyi wanaume, mashineni!"

Hakusogea hata mmoja.

"Mzee Masalu, husikii?"

"Nasikia, mwanangu. Lakini nikigeuka nitawaona wakwe, nao hawajamaliza mazungumzo yao. Wakirudi kwenye pamba yao, nasi tutarudi kwenye mashine."

"Mnadhani Uhuru umeshafika?"

"Bado, mpaka Desemba. Tunafanya mazoezi."

Watu walicheka. Kiwandani mashine zilizunguka bila mtu, pamba ikimwagika sakafuni, na dirisha la ofisi ya meneja likafunguliwa. Jumbe alilitazama dirisha, kisha akatazama migongo.

"Warudi kwenye pamba," alisema. "Upesi!"

Dresa alikuwa bado ameshika sindano. "Mwaka jana niliuliza hivi hivi," alimwambia Ng'washi kwa sauti ya chini. "Hakutoka mtu."

"Mwaka jana nilikuwepo mstarini, bwana dresa. Ulinichoma wewe."

Dresa aliiweka sindano chini, akatafuta kamba na magunia mawili, akatundika pazia penye kona ya banda. Jumbe akaambiwa akae mbali. Kuanzia hapo wanawake waliingia mmoja mmoja, wakaulizwa kwa kunong'onezwa, na kabla jua halijapanda sana wengine kadhaa walikuwa wametoka nyuma ya pazia bila kuchomwa.

Mchana, wakati wa kula viazi, Mzee Masalu alipita bandani. Alisimama karibu na Mwanvua, macho kayaelekeza kwenye paa. Ng'washi alikuwa ameketi hapo hapo, mkono ungemfikia.

"Mwanvua, mwambie mwenzako magunia asinyanyue. Vijana watamnyanyulia."

"Nitamwambia, baba."

Mzee alikohoa kidogo. "Na mwambie jina la mtoto nitatoa mimi."

Ng'washi alijifunika uso kwa kanga. Kicheko na machozi vilimjia pamoja, na kwa mara ya kwanza msimu ule hakuogopa kesho.

"Mwambie mzee nimesikia," alisema.