Jina la Pili kwenye Leseni

Watu wa Garsen husema nina wivu. Wivu ninao, sikatai, na aliyewahi kumwona Dahabo akivuka barabara na kibuyu chake cha maziwa, shingo imenyooka, uso mkavu kama hakuna jua, hawezi kuniuliza sababu.

Tulikuwa na duka karibu na kivuko, mimi na mume wangu Gershom, na biashara iliyotulisha haikuwa ya dukani hasa. Jatani, kaka yake Dahabo, alikuwa akiswaga ng'ombe wa Waorma wenzake mpaka Mombasa kuwauza. Zamani alirudi na pesa kiunoni, mpaka wezi walipomvizia njiani akanusurika kufa. Ndipo yeye na Gershom wakapatana. Jatani angeuza ng'ombe Mombasa na kumwachia pesa yule tajiri anayetuuzia bidhaa. Tajiri angetupakilia mzigo kwenye lori, sisi tungeuza, na wenye ng'ombe wangelipwa hapa hapa Garsen kutoka dukani kwetu. Pesa ilifika bila kusafiri, nasi tulibaki na ujira wetu.

Kasoro ilikuwa moja tu, na iliketi juu ya gunia la chumvi mlangoni pangu. Gershom hakuwajua wenye ng'ombe, na wao hawakumwamini. Kwa hiyo Dahabo, mjane asiye na wa kumwita nyumbani, alishinda dukani akisema huyu ni nani na alipwe nini. Gershom alimwekea chai. Mimi nilipika ile chai. Nilimwona akicheka kwa maneno ya Dahabo ambayo hata hakuyaelewa, na mwanamume anayecheka asichokielewa ana lake jambo.

Mwaka wa hamsini na saba Katana, karani wa leseni, alishuka kwenye gari la serikali akatuambia tunavunja sheria. Leseni ya duka, alisema, ni ya kuuza sukari na kaniki. Kumlipa mtu pesa ya ng'ombe aliyeuzwa Mombasa si sukari wala si kaniki. Leseni ya mifugo alikuwa nayo Jatani, lakini ile ilimruhusu yeye kuuza, haikumruhusu Gershom kulipa. Iliyotufaa ni leseni ya wakala, na hiyo ilitaka majina mawili: la mlipaji, na la mdhamini anayewajua wanaolipwa. Tusipoichukua, mchezo umekwisha, na bila mchezo ule duka lisingeuona mwaka mpya. Tungerudi Wenje kulima mpunga chini ya macho ya mama mkwe.

Gershom hakumeza hata mate. Alisema aandikwe yeye na Dahabo.

Jina la mwanamume na jina la mwanamke, kwenye karatasi moja yenye mhuri wa Malkia, ukutani mwa duka langu! Cheti chetu cha ndoa cha kanisa la Golbanti hakikuwa na mhuri wa Malkia. Nami nilimfahamu Jefwa wa kivukoni, Mkristo wa siku nyingi, aliyeamka asubuhi moja akaona kanisa linambana, akaslimu, na mwezi haukwisha kabla hajaoa mke wa pili. Nilimwona Gershom amevaa kanzu. Nilimwona kabisa.

"Baba Susan," nikamwambia mbele ya karani, "mdhamini ni mimi, au kesho huna wa kukupikia wala wa kukuuzia."

Katana aliangalia kalamu yake. Gershom alinong'ona kwamba siwajui Waorma. Nikamjibu kwamba nina mdomo, nitauliza. Nikaandikwa, na Dahabo alipokuja asubuhi akakuta gunia la chumvi limehamishwa. Aliuza maziwa yake akaenda zake, na nilishiba siku ile bila kula.

Lori lililofuata lilileta barua ya tajiri, yenye majina ya wenye ng'ombe na idadi ya waliouzwa. Mzee Guyo akaja wa kwanza, na duka lilikuwa limejaa watu. Nikamkaribisha vizuri, nikakaa mahali pa Dahabo, na kwa sauti ya mtu mwenye leseni nikamuuliza ng'ombe wake walikuwa wangapi.

Mzee Guyo alinitazama kama niliyemuuliza ataka kuzikwa wapi. Alichukua fimbo yake akatoka, na waliokuwa nyuma yake wakamfuata. Ni dereva wa lori, Mwislamu wa Malindi, aliyeniambia baadaye huku akitikisa kichwa kwamba mfugaji hahesabiwi ng'ombe wake mbele ya watu. Kumtajia idadi ni kuwaombea kifo. Dahabo alikuwa akiwauliza kwa rangi: yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, yule mweusi wa paji jeupe. Miaka yote ile alikuwa akisema maneno hayo mlangoni pangu, nami nilikuwa namwangalia shingo.

Habari ikasambaa malishoni kwamba duka la Gershom linahesabu ng'ombe wa watu. Jatani akaletewa ujumbe arudi na pesa kiunoni kama zamani, wezi wawepo wasiwepo. Tajiri akaacha kutupakilia mzigo. Rafu zikawa nyeupe, na Gershom hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniudhi zaidi ya kulaumiwa. Alikuwa anakaa mlangoni anaangalia barabara, na sikuhitaji kuuliza anamtazamia nani. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tulianza kula.

Mkono mtupu haulambwi. Nikafunga majani ya chai na sukari ya mwisho tuliyokuwa nayo, nikaenda nyumbani kwa Dahabo. Alikuwa anakamua. Aliniacha nimesimama mpaka alipomaliza, na hata pale, kwenye mavi ya ng'ombe, alikuwa mzuri. Nilimchukia kwa hilo nikiwa na zawadi yake mkononi.

Nikamwambia, Dada Dahabo, tumekosana na watu wako, rudi, jina lako litaandikwa pamoja na la Gershom. Maneno yale yalinitoka kama jino.

"Nani amesema mimi nataka?" akauliza. "Bwana yako hajauliza mimi hata siku moja. Jina yangu na jina ya mwanamume kwa karatasi ya serikali, ndugu ya marehemu bwana yangu atasema nini? Atasema nimeolewa. Atachukua ng'ombe yangu yote."

Shemeji yake na mimi tulikuwa tumewaza jambo moja.

"Mama Susan," akasema, "wewe unafikiri mimi natafuta bwana. Bwana nilikuwa nayo. Amekufa, mimi nimepumzika. Andika mimi na wewe. Yeye mtoe."

Nilirudi nikiyatafuna hayo njia nzima. Kumtoa Gershom kwenye leseni ya duka lake mwenyewe! Lakini nilipofikiria ukuta ule, na karatasi ile, na jina la Dahabo limelala kando ya langu mahali ninapoweza kuliona, moyo ulitulia kuliko ulivyotulia tangu gunia la chumvi liliposogezwa.

Katana alipokuja tena alituuliza mara mbili. Mlipaji ni Rebecca, mkewe Gershom. Mdhamini ni Dahabo. Gershom alisema sawa kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Mhuri ukagongwa.

Jatani akapeleka ng'ombe, tajiri akapakia mzigo, na wazee wakarudi. Mzee Guyo hakunisalimu. Alikaa karibu na Dahabo, wakazungumza Kiorma chini chini, Dahabo akaniambia ni kwa ajili ya yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, nami nikalipa bila kufungua mdomo. Mzee alipokwisha kuzifunga pesa kwenye shuka yake akauliza kitu akinionyesha kwa kidevu. Dahabo akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka machozi. Wivu ukanipanda upya, nikitaka kujua wanalocheka.

"Ameuliza kama wewe ni mke mwenzangu," Dahabo akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ndiyo. Bwana ndiyo bado hatujapata."

Nikacheka mpaka nikashika meza. Nyuma yetu Gershom alikuwa anapima sukari, na alituuliza mara ya pili tunacheka nini, wala hakuna aliyemjibu.