Vyombo vya Watu Jikoni kwa Mama Nourdine

"Geuza! Si unasema ni yako? Geuza chini tuone!"

"Nigeuze juu ya nini? Sahani yangu, nimeinunua sokoni, leo unakuja kunifundisha kuigeuza?"

"Mama Nourdine, usinizungushe. Geuza."

Amisa, ndiye huyo Mama Nourdine, alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, sahani ya bati yenye ua la buluu ameikumbatia kifuani kama mtoto anayeumwa. Mbele yake Mado, jirani wa upande wa pili wa uzio, mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyooka kuidai sahani. Mado hajui kusema polepole. Akikusalimia wewe asubuhi, mtaa mzima unaitikia. Basi wanawake waliokuwa wakitoka kwenye robine ya maji na ndoo zao wakaanza kusimama. Régina, wa nyumba ya tatu, akatua ndoo yake kabisa. Hakutaka kusikiliza ugomvi huku maji yakimmwagikia shingoni.

Yote haya yaliletwa na usafi. Mama mkwe wa Amisa, Mama Aicha, alifika jana yake kutoka Kabambare, nyuma ya pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Akaingia jikoni kutafuta maji ya kunawa, akagonga goti kwenye kinu, akaangusha mnara wa mabakuli, akakosa hata pa kugeukia. "Mwanangu," akauliza, "humu ndani mutu anapikia wapi?" Hakusema kwa ubaya. Lakini Amisa aliamka na neno hilo. Watoto walipokwenda shule akatandika mkeka uwanjani, akatoa kila kitu, asibakishe hata kijiko. Alitaka kupaka kuta udongo mweupe, apigilie misumari masufuria yaning'inie, gunia la makala ya kupikia lisogee kwenye kona, vyombo vikae kwenye rafu za etajeri kwa ukubwa wake, vizito chini, vyepesi juu. Jiko la mutu anayejiheshimu.

Kitu kimoja alikisahau: vyombo vilivyokaa gizani miezi na miezi, ukivitoa kwenye jua la Kasongo, vinang'aa kama vya dukani. Mado alikuwa amepita kuomba kaa la moto tu. Akaona ua la buluu.

"Heee! Kumbe sahani yangu iko huku! Na mimi nilishamusingizia shemeji yangu!"

Amisa angesema: ndiyo, mama, chukua. Yangeishia hapo. Lakini dirisha la chumba lilikuwa wazi, nyuma ya pazia alikuwa Mama Aicha, na ulimi ukaitangulia akili.

"Sahani gani? Hii ni yangu."

Ndipo walipofikia kwenye kugeuza. Mado akaichukua mikononi mwa Amisa, wala hakuvuta, maana vidole vilikuwa vimelegea. Akaigeuza. Chini ya bati palikuwa na nukta za rangi ya kucha, nyekundu. Katika mitaa hiyo kila nyumba ina alama yake chini ya vyombo, kwa ajili ya harusi na matanga, ambako sufuria za watu wote zinalala pamoja. Nukta nyekundu ni za kwa Mado. Hata watoto wanajua.

"Someni!" Mado akawaonyesha wenzake. "Someni wenyewe!"

"Yako kabisa," Régina akasema. Kisha macho yake yakashuka mkekani. "Ngoja kwanza. Ile bakuli ya kijani..." Akainama, akaigeuza. Msalaba uliokwaruzwa na msumari. "Yesu wangu! Hii si yangu mimi?"

Basi. Wanawake wakaingia wote, wakawa wanageuza vyombo kama watu wanaochagua samaki. Kifuniko cha huyu, bakuli la yule. "Mungoje, hii ni ya kwa imamu!" "Mama Nourdine, kumbe jiko lako lote ni sisi!" Wakacheka, wakapigana mabega. Halafu kutoka nyuma, sauti ndogo, isiyotaka kujulikana:

"Mwizi wa vyombo."

Amisa akavitazama vyombo mkekani. Kila chombo pale alijua kilivyokuja. Bakuli la Régina lilikuja na mboga ya sombe siku ya Noeli. La kwa imamu lilikuja na tambi za futari. Sahani ya Mado ililetwa na wali na kuku siku binti yake, Laetitia, alipopata diploma. Vyote vilikuja vimejaa, vimefunikwa kitambaa. Na chombo kilichokuja kimejaa hakirudi kitupu. Uwe Mwislamu, uwe Mkristo, hilo hufundishwi. Unatia hata ndizi, hata karanga za mkono mmoja. Amisa alikuwa anangoja apate cha kutia. Akangoja, akangoja, vyombo vikapanda juu ya vyombo, mpaka jiko likamsukuma nje.

Na kilichomfunga mdomo kilikuwa kibaya zaidi. Mume wake, Souleymane, alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na mtaa wote ulijua kwamba anatuma pesa vizuri. Ulijua kwa sababu Amisa mwenyewe ndiye aliyeueleza, pale kwenye robine, kwa madaha na kitenge kimefungwa upya. Kumbe Souleymane hajatuma kitu tangu kabla ya Ramadhani, wala simu hapokei. Ili Amisa ajitoe kwenye wizi, ilibidi amvue nguo mume wake mbele ya wanawake, na mama mzazi anasikia.

"Sema basi," Mado akamhimiza, na sauti ilikuwa imepungua kidogo. "Ulivitakia nini vyote hivi?"

Pazia likasogea. Mama Aicha akatoka, miguu mitupu. Hakumsalimia mtu. Akamuuliza mkwe wake peke yake, kana kwamba uwanjani hapakuwa na watu.

"Amisa. Souleymane anatuma?"

*Anatuma, mama.* Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilishazoea njia. Amisa akalimeza.

"Hatumi, mama." Akawageukia wanawake. "Vyombo sikuiba. Nilikosa cha kutia ndani. Ningerudisha vipi sahani tupu?"

Régina akaliangalia bakuli lake kama limemchoma. Mama Aicha akajishusha taratibu, akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso na ncha ya kitenge.

"Nilikuja kukugombeza, mwanangu," akasema ndani ya kitambaa. "Kwetu Kabambare hatumi kitu. Nikafikiri weye ndiye unamaliza vyote."

Hapo wanawake wakakumbuka ndoo zao. "Nitapita kesho kuichukua," Régina akanong'ona, akalirudisha bakuli mkekani kama anayelaza mtoto. "Hata mimi, kesho," akasema mwingine. Mado akaondoka bila sahani, na bila kaa la moto alilolijia. Neno la mwizi lilikuwa limemuuma Amisa. Ule upole wao ulimuuma zaidi.

Hakungoja kesho. Akavisugua vyombo vyote kwa majivu, akavipanga kwenye beseni, beseni kichwani, akapita mtaa mzima mchana kweupe, mlango kwa mlango. "Hodi. Nimeleta bakuli yenu." Watu walipokea kwa mikono miwili huku wakitazama pembeni. Mke wa imamu akaanza haraka haraka kuzungumzia mvua.

Aliporudi alimkuta Mama Aicha jikoni, udongo mweupe hadi kwenye viwiko. Kuta zilishapakwa. Ukutani, sufuria mbili zikining'inia mbalimbali. Kwenye etajeri, sahani za watoto na mwiko. Kinu kwenye kona, jiko dogo la babula katikati, gunia la makala limebaki vumbi. Ukiongea, maneno yanakurudia.

"Kumbe jiko lako ni pana," Mama Aicha akasema. Kisha akaona aibu kwa alichosema, akarudi kupaka mahali palipokwisha kupakwa.

Ilibaki sahani ya Mado. Amisa alikuwa ameiacha ya mwisho, kwa kuogopa tu. Jua likishuka akaificha chini ya kitenge akavuka uzio. Kwa Mado walikuwa wamekaa mkekani, bugali imetoka motoni sasa hivi, harufu ya samaki na mawese imejaa mlangoni.

"Imerudi hivi hivi, Mama Laetitia," Amisa akasema, akinyoosha sahani. "Na nilikudanganya mbele ya watu."

Mado hakuipokea. Kwa mara ya kwanza mtu alimsikia akisema chini chini. "Nimekupigia kelele mbele ya mukwe wako. Yule mama nitamuangalia na macho gani?" Akasogea mkekani. "Karibu, tunakula."

Hilo kila nyumba husema, na jibu lake linajulikana; Amisa alikuwa amelijibu kila mlango siku hiyo.

"Asante, mama, nimeshi..."

"Weye!" Sauti ya Mado ikarudi yote, mtaa ukasikia. "Ukiniambia umeshiba nitakupiga na hiyo sahani! Ni samaki wa mto Lualaba, hakuna cha kumkataza Mwislamu. Laetitia, kimbia umuite mama ya Souleymane na watoto, useme chakula kinapoa. Na weye vua viatu, ingia, mukule."